Bei ya Saa Mbili

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya mbegu za alizeti
kwa kalamu inayokohoa:
upande huu hoteli ya bustani, mle mle ndani ya ukuta,
upande huu Nkuhungu, kwa wifi yangu Sechelela.

Hotelini, usiku mmoja, laki moja na themanini.
Chai ya asubuhi imo. Bwawa limo.
Na wageni wao hupanda bembea tangu saa moja,
lango la watu wote likiwa bado na kufuli
mpaka saa tatu.

Kwa Sechelela ni bure.
Bure nayo ina mambo yake:
kilo tano za mchele, sabuni ya mche, mafuta ya kula,
na kusimuliwa upya, tangu mwanzo, kesi ya kiwanja,
ukiitikia "ehee" pale panapotakiwa "ehee".
Maji hutoka Jumanne na Jumamosi.
Sisi tunafika Jumatano.

Ndahani haamini bahasha. Anaamini vidole.
"Ondoa chai," anasema, "chai hunywewa popote.
Ondoa bwawa, Nyemo anaogopa hata karai.
Kinachobaki ni saa mbili.
Mke wangu, tunanunua saa mbili
kwa bei ya mbuzi wawili."

Nikamwambia, hujawahi kusimama pale
saa sita, jua la Dodoma limeketi juu ya chuma,
upepo unakutia mchanga kwenye meno,
mtoto anauliza, bado wangapi,
nawe unahesabu visogo.

Akanyamaza. Foleni anaijua.
Msimu uliopita alilala siku nne Kibaigwa
juu ya magunia yake, akingoja mzani.

Jioni tukampima Nyemo kwenye mwimo wa mlango.
Aliye chini ya mita moja halipi,
ila lile gurudumu kubwa halipandi.
Mita moja na vidole viwili.
Ndahani akatazama mabutu ya nywele kichwani:
"Tukifumua je?"
Nyemo akapiga yowe. Anataka kulipiwa.
Anataka lile kubwa.

Nikapiga simu hotelini.
Dada mwenye sauti iliyonyooshwa kwa pasi akauliza,
mngependa dirisha la kutazama bembea
au la kutazama milima? La milima ni nafuu.
Milima tunayo, nikasema. Huku Mpwapwa
tunayo mpaka uani.
Akacheka, kicheko cha nyumbani, si cha kazini,
kisha akashusha sauti:
"Mama, taa za bembea huzimwa saa nne usiku.
Baada ya hapo madirisha yote
giza lake ni moja."

Sikulipa. Wala sikukataa.
Nikamwachia Nyemo achague, siku ni yake,
ametimiza miaka mitano.
Akauliza swali ambalo halikuwa kwenye bahasha:
"Tukilala hotelini, Chilewa atalala wapi?"

Chilewa wa Sechelela,
aliyemfundisha kupiga mluzi Krismasi iliyopita,
anayeliona gurudumu lile kila jioni
akiwa juu ya tangi la jirani,
na hajawahi kulisikia likilia kwa karibu.

Ndahani akafungua vidole, akaanza upya.
Kiingilio cha Chilewa. Soda ya Chilewa.
Bajaji kwenda, bajaji kurudi.
Alipofika kidole cha mwisho akakitazama,
akakikunja bila kukitaja.

Basi mchele nimeshanunua, kilo saba.
Madumu mawili nimeyafunga kamba, tutayajaza hukuhuku.
Kanga mbili za kujikinga jua.
Na Sechelela nimemwomba twende wote,
aje na kesi yake ya kiwanja, nzima, tangu mwanzo.
Tutafika langoni saa moja.
Saa mbili zitamtosha.